Kinachoganda Kwanza: Niobi ya Mbeya na Mapanga ya Injini
Mazungumzo yaliyotolewa kwenye sherehe ya Siku ya Uhuru, Grand Prairie, Texas



Kila tukikutana kuadhimisha tarehe 9 Desemba, huzungumzwa habari za mwaka 1961, na ni vizuri zizungumzwe. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao siku yao kubwa ni tarehe 12 Januari, nao hutuvumilia na kula pamoja nasi. Mwaka huu kamati imetukabidhi nafasi hii sisi tunaokaa na watoto siku za Jumamosi kuwasaidia hesabu na sayansi, na sisi tumechagua kuzungumza juu ya kilima kimoja.

Kilima hicho kinaitwa Panda Hill. Kiko kilomita kama 26 kutoka Mbeya mjini, upande wa kusini-magharibi, jirani na gereza la Songwe. Wenzetu wa Mbeya mnaotua kwenye uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, huwa mnatua si mbali nacho, ingawa wengi wenu mnatazama mizigo tu. Mwamba wake ni wa aina ya kabonatiti, yaani uji wa moto uliopanda kutoka chini sana ya ardhi ukiwa umejaa chokaa. Ndani ya mwamba huo yamo madini yaitwayo piroklori, na ndani ya piroklori imo metali inayoitwa niobi. Wajiolojia walikichimbachimba kilima hicho tangu miaka ya 1950, wakati wa Tanganyika ya Mwingereza. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Australia ikafanya upembuzi yakinifu. Kilima bado kipo pale pale.

Niobi ni metali yenye majina mawili, na watoto wetu, wengi wenu wenye jina la nyumbani na jina la shuleni, mtaielewa mara moja. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett aliigundua katika jiwe lililotoka Connecticut, hapa Marekani, akaiita kolumbi. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose akaiita niobi, kwa jina la Niobe, binti wa Tantalus katika hadithi za Wagiriki, kwa sababu hupatikana pamoja na tantali na kuzitenganisha ni kazi. Hadi leo baadhi ya mafundi wa Marekani husema kolumbi. Na ninyi mliosikia habari za koltani ya ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, ile inayotajwa kila zinapotajwa simu za mkononi, jueni kwamba “kol” ya mwanzo ni hiyo hiyo kolumbi, na “tani” ni tantali.

Sasa kwa nini tuwachoshe na metali hii siku ya sherehe? Kwa sababu ya joto.

Mtazame panga boi la nyumbani, lile feni la darini. Injini ya ndege nayo ina mapanga, ila ni mamia kwa mamia, yamepangwa duara baada ya duara. Yaliyo nyuma ya chumba cha moto huitwa mapanga ya turbini. Gesi inayoyapiga hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi. (Leo tutatumia Selsiasi. Watoto wa Texas mtusamehe, mkifika nyumbani mtabadilisha.) Mapanga hayo hutengenezwa kwa aloi za nikeli, na nikeli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Yaani panga linafanya kazi ndani ya gesi yenye moto mkali kuliko kiwango chake cha kuyeyuka. Haliyeyuki kwa sababu limetobolewa njia nyembamba ndani yake, hewa ya baridi zaidi inapitishwa humo, na juu limepakwa ngozi ya kauri. Hewa hiyo ya kupoza hunyang’anywa kutoka kwenye kazi ya injini. Kama panga lingestahimili moto bila kupozwa sana, mafuta yale yale yangekupeleka mbali zaidi.

Hili si la ndege peke yake. Pale Kinyerezi, Dar es Salaam, mtambo wa kwanza wa megawati 150 unatumia mashine za LM6000, ambazo kwa asili ni injini ya ndege ya CF6 iliyobadilishwa ikae chini na kuzungusha jenereta. Gesi yetu inaingia upande mmoja, umeme unatoka upande wa pili, na katikati yapo mapanga. Kadiri yanavyostahimili joto ndivyo umeme unavyoongezeka kwa gesi ile ile. Na mnakumbuka Novemba 2022, Air Tanzania ilipotangaza kuegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini. Hatusemi kisa kilikuwa aloi ya mapanga. Tunasema tu kwamba nchi inaweza kununua ndege mpya na bado ikasimamishwa chini na kitu kilichomo ndani ya injini, ambacho mafundi wake hawana mamlaka nacho wala ramani yake.

Sisi tunaoishi hapa tumezungukwa na biashara hii. Makao makuu ya Airbus Helicopters ya Marekani yako hapa Grand Prairie, na Safran, watengenezaji wa injini za Arriel, wana kiwanda chao cha Marekani hapa hapa. Helikopta za AS350 zinazowashusha wagonjwa kutoka Kilimanjaro zinaruka kwa injini za ukoo huo wa Arriel. Wapo vijana wa jumuiya hii wanaopita mbele ya mageti hayo kila siku wakienda kazini kwingine.

Turudi kwenye metali. Ukitaka kitu kinachostahimili kuliko nikeli, unaiendea familia ya metali sugu. Wolframu huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, tantali 3,017, molibdeni 2,623, niobi 2,477. Wolframu ni nzito mno. Sentimita moja ya mraba-pande-zote ina gramu 19, na panga zito linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika litaling’oa gurudumu lake. Tantali nayo nzito. Niobi ina gramu 8.6 tu, nyepesi kidogo kuliko hata nikeli. Kwa hiyo wahandisi wengi wameitupia niobi macho.

Lakini niobi ina tabia moja mbaya. Iwashe moto mbele ya hewa, itainywa oksijeni kama mchanga mkavu unavyonywa maji. Oksaidi inayotokea huvimba, hupasuka, hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na chini yake hewa inaendelea kula. Metali inayoweza kustahimili nyuzi 2,400 kwenye ombwe huoza hewani kabla hata ya nyuzi 1,000. Kutu ya chuma ni mtoto mdogo mbele ya hiyo.

Hapo ndipo inapoingia silikoni. Mchanga wa Bahari ya Hindi, ule mweupe wa Kigamboni na Nungwi, ukiacha vipande vya makombe na matumbawe, una silika, yaani silikoni iliyoshikana na oksijeni, na silika ndiyo kioo. Metali yenye silikoni ya kutosha, ikipata moto hewani, hujivika ngozi ya kioo yenyewe. Kioo hicho kwenye joto kali hulainika, na ufa ukitokea hutiririka kidogo na kuuziba. Ndiyo sababu matanuri ya maabara yametumia vipashio vya silisaidi ya molibdeni tangu miaka ya 1950. Vinawaka vyeupe hewani mwaka hadi mwaka. Silisaidi ni jina la ndoa ya metali na silikoni. Ajabu yake ni kwamba ndoa hizi mara nyingine hushindwa kwenye joto la wastani badala ya lile kali. Kwenye nyuzi kama 500, ngozi ya kioo inakuwa na uvivu wa kuota, na silisaidi ile ile ya molibdeni inaweza kubomoka ikawa unga.

Basi tuchanganye niobi na silikoni, kazi imekwisha? Hapana. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na tunawaomba watoto mtege masikio, kwa sababu jambo hili mmekwisha kulila.

Mnakumbuka barafu za ukwaju? Zile za mfuko wa plastiki, ambazo watoto wa Dar na Tanga hununua kwa sarafu wakitoka shule. Unatoboa kona kwa meno, unafyonza. Mwanzo ni tamu kweli, rangi imekolea, sukari tupu. Ukifika katikati unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha, unakitupa. Hakuna aliyekuibia. Juisi ilipokuwa inaganda, maji ndiyo yaliyoganda kwanza, tena maji karibu matupu. Kila kipande cha barafu kilichoota kilisukuma sukari na ukwaju pembeni, hadi kimiminika kilichobaki kikawa kikali zaidi na zaidi. Ulichofyonza mwanzoni ndicho kilichoganda mwisho.

Metali hufanya vivyo hivyo. Uji wa metali mbili hauwi jiwe moja kwa mkupuo. Kitu fulani huanza, chenye mchanganyiko wake, na kinachobaki hubadilika. Kila sehemu yenye mpangilio wake wa atomu wataalamu huiita fezi. Barafu ni fezi moja, maji ya chumvi ni nyingine.

Na kwa kuwa tumetaja chumvi, tuikumbuke ile wiki ya Februari 2021, umeme ulipokatika sehemu kubwa ya Texas tukalala na makoti. Tarehe 16 kipimo cha uwanja wa ndege wa DFW kilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Barabarani walimwaga chumvi. Maji peke yake huganda kwenye sifuri. Chumvi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801. Lakini vikiwa pamoja, kwa kiasi cha gramu 23 za chumvi katika gramu 100, havigandi hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Mchanganyiko huo maalumu, unaoyeyuka kwenye joto la chini kuliko majirani zake wote, huitwa yutektiki. Ukifika hapo vitu viwili huganda kwa wakati mmoja, vimefumana kama ukili wa mkeka. (Barabarani chumvi huanza kushindwa mapema zaidi, kama tulivyoona sote wiki ile.)

Sasa tuchore mchoro mmoja. Mstari wa chini ni kiasi cha silikoni, mstari wa kusimama ni joto. Hapo ndipo watafiti wanapoweka alama kwamba kwenye kiasi hiki na joto hili utakuta fezi hizi. Huo ndio mchoro wa fezi, na kwa mtu wa metali ni kama ramani kwa nahodha. Katika mchoro wa niobi na silikoni, yutektiki iko penye atomu kama 18 za silikoni katika kila atomu 100, na joto lake ni karibu nyuzi 1,900. Kwa mizani ni silikoni kidogo sana, kama gramu 6 katika gramu 100. Nyuzi 1,900 ni chini ya niobi yenyewe, lakini ziko juu mno ya nikeli.

Ukiweka silikoni pungufu ya hapo, niobi ndiyo inayoganda kwanza. Inaota kama vijiti vyenye matawi, kama mti mdogo, kisha nafasi zilizobaki hujazwa na ule mfumo wa yutektiki. Ukizidisha silikoni, mambo hugeuka. Silisaidi ndiyo inayoanza, nayo hujenga mapande makubwa yenye pembe. Na silisaidi, ndugu zangu, ni ngumu kama chungu na huvunjika kama chungu. Haijui kupinda. Pande kubwa la silisaidi ndani ya panga la injini ni ufa unaosubiri siku yake.

Fikirini nguzo ya nyumba. Zege peke yake inabeba mzigo lakini ukiivuta inapasuka. Nondo peke yake zinapinda. Zikikaa pamoja unaweza kupandisha ghorofa. Niobi ni nondo, silisaidi ni zege. Ufa ukitembea ndani ya silisaidi ukakutana na niobi, niobi inanyumbuka na ufa unachoka. Lakini kwenye nyumba fundi hupanga nondo kwa mkono wake. Ndani ya aloi hakuna mkono unaofika. Anayepanga ni mpoo wa uji, na njia pekee ya kumwelekeza ni kujua ramani: uanze na silikoni kiasi gani, upoze kwa kasi gani, kutoka upande upi.

Kuna mtego mwingine tunaopenda kuuzungumzia, pengine kuliko muda tuliopewa. Uji ule wa yutektiki unapoganda kwenye nyuzi 1,900, silisaidi inayojitokeza ni ile yenye niobi 3 kwa silikoni 1. Mchoro unasema kwamba chini ya nyuzi kama 1,770 hiyo haina haki ya kuwepo. Inatakiwa igawanyike, iwe niobi safi na silisaidi nyingine, ya niobi 5 kwa silikoni 3. Lakini haigawanyiki. Atomu zimekwisha kukaa, zimechoka, hazitaki kuhama. Unaweza kuipoza hadi joto la chumba ukaiweka mezani, nayo ikakaa pale kama mpangaji aliyekwisha pewa notisi. Ukitaka ihame lazima uirudishe tanurini, kwenye nyuzi kama 1,500, na uiache humo saa nyingi, hata saa 100. Usipofanya hivyo kiwandani, itafanya yenyewe angani, ndani ya injini, polepole, huku panga likibadilika tabia. Kwa hiyo ramani inakuambia kitu kinataka kuwa nini. Kitakuwa hicho lini, ni elimu nyingine, na zote mbili unazihitaji.

Niobi na silikoni peke yao hazitoshi pia. Huongezwa titani, ili aloi inyumbuke zaidi na isiliwe upesi na hewa. Lakini titani hushusha kiwango cha kuyeyuka. Huongezwa hafni, kromi, alumini. Kila kiungo kinasaidia hapa na kuharibu pale, kama mdalasini kwenye pilau ya mtu asiyejua kipimo. Na kila kiungo kipya kinaongeza upande mpya kwenye ramani. Ya viungo viwili huchorwa kwenye karatasi. Ya viungo sita haichoreki. Inakokotolewa kwa kompyuta, na kompyuta inahitaji vipimo vya kweli kutoka tanurini.

Tanuri lenyewe ni hadithi. Utayeyushia wapi kitu cha nyuzi 2,000 na zaidi? Uji wa niobi na titani unakula vyungu vya kauri na kujichafua. Wanatumia chungu cha shaba, na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085! Siri ni maji yanayozunguka nyuma ya shaba. Uji unaogusa shaba unaganda papo hapo ukawa ukoko, kama ukoko wa wali, na uji uliobaki unachemka juu ya ukoko wake mwenyewe bila kuigusa shaba. Kwenye maabara ndogo kipande cha kwanza huyeyushwa kwa cheche ya umeme kama ya kuchomelea, kinageuzwa kama chapati, kinayeyushwa tena, mara kadhaa, ili kichanganyike sawasawa.

Kazi hii ilipamba moto miaka ya 1990 kwenye maabara ya General Electric jimboni New York. Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, nacho kimeshughulika sana na silisaidi za niobi, na kile cha Wisconsin, Madison, na ndugu yake molibdeni. Aloi walizopata ni nyepesi kuliko za nikeli kwa kiasi cha robo hivi. Mwaka 2020 Wizara ya Nishati ya Marekani ilitangaza mpango wa kutafuta aloi za turbini zinazofanya kazi mfululizo kwenye nyuzi 1,300, na Texas A&M ni miongoni mwa vyuo vilivyoingia. Kiko College Station, njiani kati ya hapa na Houston. Ndugu wa Houston huenda mlikipita mbali kidogo asubuhi ya leo.

Je, mapanga ya silisaidi ya niobi yanaruka? Kwenye ndege ya abiria, bado. Bado yanavunjika kirahisi kwenye joto la chini, na hewa bado inayashinda. Niobi yenyewe, hata hivyo, imekwisha kuruka sana, na Texas ina sehemu yake. Watoto mmetazama kwenye simu zenu roketi za Falcon 9. Injini ile ya hatua ya pili, ambayo pembe yake inawaka nyekundu gizani bila kuyeyuka, pembe hiyo ni aloi ya niobi. Injini za Falcon hujaribiwa McGregor, karibu na Waco, mwendo wa saa mbili kutoka ukumbi huu. Kule juu hakuna hewa ya kuila. Na zile injini ndogo za kugeuzia vyombo vya Space Shuttle zilikuwa za niobi iliyopakwa silisaidi, kioo kikiwa mlinzi, kama tulivyoeleza.

Kwa upande wa mbawa zake, Shuttle ilivaa vipande vya kaboni vilivyogeuzwa ngozi ya nje kuwa kabaidi ya silikoni. Vilitengenezwa na Vought, kiwanda kilichokuwa hapa mpakani mwa Grand Prairie na Dallas. Silikoni tena, kazi ile ile ya kuzuia hewa na moto wa nyuzi kama 1,650. Wazee mliokuwepo mwaka 2003 mnakumbuka asubuhi ya tarehe 1 Februari, Columbia ilipokatika vipande juu ya anga ya Texas na watu saba wakafa. Povu lilikuwa limegonga ubawa wa kushoto wakati wa kuruka na kutoboa kipande kimoja cha ngozi ile. Moto haukuhitaji zaidi ya hapo.

Tumalizie na Panda Hill. Niobi nyingi ya dunia leo hutoka Brazil, hasa Araxá, na nyingi yake huishia ndani ya chuma cha pua na cha ujenzi, na cha mabomba makubwa ya gesi na mafuta, ambayo ndugu wa Houston mnayafahamu kuliko sisi. Gramu mia chache kwa tani moja ya chuma zinatosha kukiongezea nguvu. Mradi wa Mbeya nao ulipangwa hivyo: kutoa feroniobi, yaani niobi iliyochanganywa na chuma, tayari kwa viwanda vya chuma. Sheria zetu za mwaka 2017 zinataka rasilimali ziongezwe thamani nyumbani zisitoke ghafi, na sisi tunakubaliana nazo.

Lakini tuseme wazi tunavyoona. Tanuri hununuliwa. Mtu analeta kontena, anafunga, anawasha. Kutoka feroniobi hadi niobi safi ni ngazi; kutoka niobi safi hadi aloi inayojua kuganda ni ngazi ndefu zaidi, na ngazi hiyo haiji kwenye kontena. Wafipa wa Rukwa, majirani wa Mbeya, walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, wakayeyusha chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Walijua udongo upi, mkaa upi, siku ngapi. Elimu hiyo ilikuwa vichwani mwao, na majembe ya madukani yalipokuja yakawa rahisi, tanuri likabaki magofu na elimu ikazikwa na wenyewe. Kama kilima cha Panda kitachimbwa na hakuna Mtanzania anayeweza kusoma ule mchoro wa fezi, tutakuwa tumeuza mwamba, hata tukiuuza umeyeyushwa.

Ndiyo maana tunawasumbua watoto na kemia Jumamosi asubuhi, wakati wenzao wamelala. Nyie mnasoma karibu na maabara zenye matanuri hayo. Michoro ya viungo sita haijakamilika, na anayeikamilisha haulizwi ametoka Mbeya au Mesquite. Wazazi mnaouliza kozi hiyo inaitwaje: ni uhandisi wa maada, na vyuo vya hapa Texas wanaifundisha, pamoja na kile cha Arlington, dakika chache kutoka hapa. Mnaomtaka mtoto awe daktari tu, tutazungumza pembeni.

Kwa leo, kila mtoto apewe kazi moja. Chukua juisi ya ukwaju iliyochujwa vizuri, ijaze kwenye kikombe kirefu. Kivike taulo nene pande zote na chini, juu pakae wazi, ili baridi iingie kwa juu tu. Kiweke kwenye friza. Usisubiri kigande chote. Kichungulie kila saa, na kikifika nusu kitoe. Toboa barafu, mimina kilichobaki kwenye kikombe kingine, ulinganishe rangi. Kisha rudia na kikombe kisichovikwa taulo, uone kama barafu inatawanyika vile vile. Onja vyote, andika ulichokiona na saa ulizotumia, uje navyo Jumamosi.

Kina mama wametuashiria kwamba pilau iko tayari.